Kofia Mpya, Kiti Kilekile: Namna Mwanasiasa Anavyohama Chama na Nani Hulipa

(Hotuba kwa maafisa wa matawi, wajumbe wa wadi na mawakala, Tononoka, Mombasa)

Wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana mlioziacha maskani zenu alasiri hii ya joto mkaja kubanana kwenye viti vya plastiki: assalamu alaykum, na wengine hamjambo.

Swali mlilotuletea ni lile linalozungushwa na kahawa chungu kila jioni, kuanzia Majengo mpaka Likoni. Mheshimiwa amechaguliwa kwa tikiti ya chama hiki, leo yuko jukwaani na kofia ya chama kile, na kiti bado anakikalia. Katiba si ilikataza? Ilikataza. Lakini kofia haina sahihi wala muhuri, na sheria yetu inakwenda kwa karatasi. Tutaifuata karatasi hiyo hatua kwa hatua, tuone inakwama wapi.

Tuanze na Katiba ya 2010. Kifungu cha 103 kinasema mbunge au seneta aliyechaguliwa kupitia chama akijiuzulu kutoka chama hicho, au sheria ikimhesabu kuwa amejiuzulu, kiti chake kinakuwa wazi. Mgombea huru naye akijiunga na chama baada ya kuchaguliwa, ni vivyo hivyo. Kifungu cha 194 kinarudia maneno hayo kwa mwakilishi wa wadi. Kwa hiyo hapa Mombasa sheria hii inawagusa wabunge 6 wa maeneo bunge, mbunge mwakilishi wa wanawake, seneta, na wawakilishi wa wadi zote 30 pamoja na wale walioteuliwa.

Gavana hayumo. Wengi hushtuka wakisikia hivi. Kifungu cha 182 kinachotaja namna kiti cha gavana kinavyokuwa wazi kinazungumzia kifo, kujiuzulu ugavana, kupoteza sifa za kugombea, hukumu ya kosa la jinai lenye kifungo cha angalau miezi 12, na kung'olewa. Chama hakitajwi kabisa. Ndiyo maana Salim Mvurya alichaguliwa gavana wa Kwale kwa chama cha ODM mwaka 2013, akahamia chama cha Jubilee, akashinda muhula wa pili mwaka 2017, na katikati hapo hapakuwa na uchaguzi mdogo wowote. Amason Kingi naye alichaguliwa Kilifi mara mbili kwa ODM, na bado akiwa gavana akasimama na chama chake kipya cha PAA. Basi akija mtu tawini kwenu na kelele za "gavana amehama, tumwandikie Spika", mpeni kiti na maji baridi. Mlango huo haupo.

Sheria hii ina historia, na Pwani imo ndani yake. Novemba 1964 KADU, chama kilichoongozwa na Ronald Ngala wa kwetu huku, kilijivunja na wabunge wake wakavuka kuingia KANU, chama tawala. Hakuna aliyeulizwa kiti, kwa sababu walikuwa wanavuka kuelekea upande wa serikali. Miaka miwili haikutimia, Aprili 1966, Jaramogi Oginga Odinga akajiuzulu umakamu wa rais akajiunga na KPU, chama cha upinzani, na wabunge wakamfuata. Safari hii uvukaji ulikuwa wa kutoka serikalini. Bunge likabadilisha Katiba mwezi huohuo: anayehama arudi kwa mpiga kura. Viti 29 vikarudiwa Juni 1966, na KPU ikaambulia 9 tu. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Kanuni tunayoisifu leo kama ulinzi wa mpiga kura ilizaliwa kama rungu la kumpiga aliyekwenda upinzani, na mpaka leo hutumika kwa ukali au kwa ulegevu kutegemea mtu anahama kuelekea wapi.

Sasa karatasi yenyewe. Sehemu ya 14 ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2011 ina njia mbili za kutoka chamani.

Ya kwanza ni ya wazi: unaandika barua. Mwanachama wa kawaida anaipeleka kwa chama. Mbunge anaweza kuipeleka kwa karani wa Bunge, na mwakilishi wa wadi kwa karani wa bunge la kaunti. Inaanza kufanya kazi inapopokelewa, na chama kina siku 7 za kumjulisha Msajili wa Vyama. Barua nzuri haizidi nusu ukurasa. Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya kitambulisho, namba ya uanachama kama unayo, tarehe, sentensi moja ya kujiuzulu, sahihi. Peleka nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili wapige muhuri wa kupokea wenye tarehe, na hiyo ndiyo ya kufungia kabatini pamoja na hati ya nyumba. Mtu asiye na nakala yenye muhuri hana barua. Tumeona mizozo mingi ya uteuzi ikigeuka kwa jambo hili: mtu anaapa alijiuzulu, chama kinaapa hakikupokea kitu, na sajili bado inamwonyesha kule alikotoka.

Ila mbunge mwenye akili zake haandiki barua hiyo katikati ya muhula. Akiiandika, Spika ana siku 21 za kuijulisha tume ya uchaguzi, na uchaguzi mdogo unafanywa ndani ya siku 90 tangu kiti kuwa wazi. Nani atake hayo kwa hiari yake?

Anatumia ile njia ya pili, ya kuhesabiwa. Sheria inasema utahesabiwa umejiuzulu ukiunda chama kingine, ukishiriki kukiunda, ukijiunga nacho, ukitetea hadharani kiundwe, au ukipigia debe itikadi, maslahi au sera zake. Ukisoma maneno hayo unadhani nusu ya Bunge ingekuwa nyumbani. Lakini yaangalieni yakifanya kazi.

Tuseme mbunge yuko kwenye jukwaa pale Mwembe Tayari. Kofia ya njano, mkono juu, umati unaimba wimbo wa chama kisichokuwa chake. Tawi limepandwa na hasira, simu ishirini zimerekodi. Wiki ya pili mbunge anaitwa na kamati ya nidhamu, anakuja na wakili. Wakili anasema: mteja wangu alikwenda kumpokea Rais, kama kiongozi wa eneo; kofia aligawiwa juani akavaa; alisifu barabara, hakusifu chama; kadi yake hii hapa, na ada amelipa. Kisha anageuza meza. Anaomba barua ya mashtaka iliyompa mteja wake muda wa kujibu, na majina ya waliohudhuria kikao kilichoamua aitwe. Anauliza idadi inayotakiwa na katiba ya chama ilitimia au haikutimia. Anataka video asilia, pamoja na hati ya uthibitisho wa ushahidi wa kielektroniki inayodaiwa na sehemu ya 106B ya Sheria ya Ushahidi. Hapo ndipo chama kinapoanza kutazamana. Barua ilitumwa kwa WhatsApp usiku wa kuamkia kikao. Video ilitoka kwenye ukurasa wa mtu asiyejulikana. Akidi, yaani ile idadi inayotakiwa kikaoni, haikuandikwa popote.

Kesi inayoharibika hivi haiharibiki kwa sababu mbunge hakuhama. Inaharibika kwa sababu chama kilimhukumu kabla ya kumsikiliza. Mzozo wa mwanachama na chama chake unapaswa uanzie ndani ya chama, kisha uende kwenye jopo la kutatua mizozo ya vyama vya siasa, halafu Mahakama Kuu na kuendelea juu. Jopo lina miezi 3 ya kuamua, lakini rufaa nazo zina miezi yake, na amri ya kusimamisha utekelezaji hutolewa mapema. Wakati wote huo mshahara unaingia na ofisi ya eneo bunge iko wazi. ODM kilijaribu kuwatimua Aisha Jumwa wa Malindi na Suleiman Dori wa Msambweni kwa kumuunga mkono William Ruto, aliyekuwa Naibu Rais wakati huo. Mambo yakavutwa mahakamani. Dori alifariki Machi 2020 akiwa bado mbunge, na Jumwa akamaliza muhula wake mpaka 2022.

Kuna mlango mwingine ambao kwa rai yetu ni mpana kupita yote: muungano. Chama chako kikiwa ndani ya muungano na chama kingine, kukipigia debe kile kingine hakuhesabiwi usaliti. Tangu marekebisho ya Januari 2022 upo pia muungano unaosajiliwa kama chama kamili, kama Azimio iliyoshindana na Ruto mwaka 2022. Hivyo mtu anaweza kuimba nyimbo tatu kwa siku moja na asivunje kifungu chochote. Na vyama vikikubaliana juu, kama UDA, chama cha Rais Ruto, na ODM walivyotia sahihi mkataba wa ushirikiano Machi 2025, afisa wa tawi huku chini hajui tena amshtaki nani. Amshtaki mbunge kwa kumsifu Rais, hali kiongozi wa chama chake amempa Rais mkono mbele ya kamera?

Lakini hata pale ushahidi unapokamilika na akidi ikatimia, vyama vingi vinaogopa kumaliza safari, kwa sababu ya hesabu ya kura. Dori alipofariki, ODM kiliingia uchaguzi mdogo wa Msambweni tarehe 15 Desemba 2020 kikiwa na mtandao wote wa Pwani. Kiti kikachukuliwa na Feisal Bader, mgombea huru. Kiti hicho kilitokana na msiba, hakikutokana na kufukuzana, lakini kila katibu wa chama nchini alikisoma kwa jicho moja: ukimfukuza mbunge unalipia kampeni, na huenda ukamrudisha Bungeni akiwa na nguvu zaidi na bila deni lolote kwako. Mbunge muasi anayebaki chamani anahesabika bado katika idadi yenu. Mbunge aliyefukuzwa akashinda tena amekwenda na idadi.

Na idadi ni kila kitu Bungeni. Oktoba 2022 Spika Moses Wetang'ula aliamua kwamba Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, ndiyo yenye wengi, 179 kwa 157, baada ya wabunge 14 waliochaguliwa kupitia vyama vya Azimio kuhesabiwa upande wa pili kwa mikataba iliyotiwa sahihi baada ya uchaguzi. Hao 14 hawakupigiwa kura tena na mtu yeyote. Vyama vyao vilihama vikiwa vimewabeba, nao wakashukia upande wa pili na viti vyao. Mwenye wengi ndiye hupata kiongozi wa shughuli za serikali, hupata sehemu kubwa ya kamati, na hupanga mswada gani uje lini. Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo Februari 2025, zaidi ya miaka miwili baadaye, wakati miswada miwili ya fedha ilikuwa imeshapita mikononi mwa Bunge hilo.

Kwa kuwa kufukuza ni ghali, chama chenye akili hutumia fimbo ndogo. Kiranja, yule anayesimamia nidhamu ya wabunge wa chama, humwondoa mbunge kwenye kamati aliyopewa kwa jina la chama. Hilo linauma haraka, maana kamati ina marupurupu, safari na sauti, na halihitaji uchaguzi mdogo. Nalo pia lataka barua na nafasi ya kujitetea, lakini mzigo wake ni mwepesi.

Nani basi hulipa gharama kamili? Mwakilishi mteule. Yule dada aliyeingia bunge la kaunti kwa orodha ya chama kujaza nafasi za jinsia, au kijana mlemavu aliyeteuliwa kuwakilisha wenzake. Kiti chake kikiwa wazi hakuna uchaguzi mdogo wa kuogopwa. Anaitwa anayefuata kwenye orodha ileile. Chama hakitumii hata shilingi. Na huyo anayefuata anaishi mtaa mmoja na wewe, ana nakala ya orodha, na amekuwa akihesabu makosa yako tangu siku ya kiapo. Sheria iliyotungwa kuwabana wakubwa inawabana hawa kwanza. Hatuoni haya kulisema.

Mtu asiye na kiti naye halipi chochote mbele ya sheria. Suleiman Shahbal aligombea ugavana hapa kwa chama cha Wiper mwaka 2013, kwa Jubilee mwaka 2017, kisha akaingia ODM na mwaka 2022 akamwachia Abdulswamad Nassir tikiti. Hassan Omar alikuwa seneta wetu kwa Wiper, akagombea ugavana kwa chama hichohicho 2017, na 2022 akagombea kwa UDA. Yote yalikuwa halali kabisa. Na kule Kilifi, Gideon Mung'aro aliingia Bungeni 2013 kwa ODM, akaelekea Jubilee, akaangushwa ugavana 2017, akarudi ODM na 2022 wapiga kura wakampa ugavana. Wanaosema Pwani humwadhibu anayehama wamtafutie maelezo huyo.

Tuingie tawini sasa, maana ndiko madhara yanakolala. Mwanasiasa mkubwa hahami peke yake. Anakuja na madereva, mawakala, kina mama wa vikundi, na orodha ya majina mia kadhaa ya kuingizwa uanachama kabla ya mchujo, yaani kura ya ndani ya chama ya kuteua wagombea. Mwenyekiti wa wadi aliyebandika mabango kwa miaka mitano anaamka anakuta wajumbe wapya wanaomzidi kura. Akilalamika, makao makuu yanamwambia chama kinapanuka. Huku anakotoka mheshimiwa, tawi linabaki na ofisi yenye kodi ya miezi minne na vitabu vya risiti visivyojulikana viko kwa nani. Afisa wa fedha mwerevu hudai kukabidhiwa kwa maandishi siku ileile uvumi unapoanza: vitabu, mihuri, funguo, namba za siri za ukurasa wa Facebook na orodha ya mawakala wa kila kituo. Muhuri ukibaki mikononi mwa aliyehama, barua za tawi lenu zitaendelea kuandikwa na msiowajua.

Mgeni akipewa tikiti ya moja kwa moja, mwenyeji aliyenyimwa husimama huru. Nyali yaijua habari hii. Mohamed Ali aliutaka ubunge kwa ODM mwaka 2017, uteuzi ukazua mzozo, akasimama huru akashinda. 2022 akarudi Bungeni kwa UDA, wakati maeneo bunge mengine 5 ya Mombasa yote yalikwenda ODM.

Kuhusu pesa, neno moja, kwani wengi hudhani mbunge anahama na fungu la chama la fedha za umma. Mfuko wa Vyama vya Siasa hugawa asilimia 70 kulingana na kura zilizopigwa kwa wagombea wa chama katika uchaguzi mkuu uliopita. Kura hizo hazihami. Zinabaki pale zilipopigwa mpaka uchaguzi mwingine. Asilimia 15 huenda kwa waliochaguliwa kutoka makundi maalum, 10 kwa idadi ya wawakilishi, na 5 ni ya usimamizi. Kinachohama na mheshimiwa ni mfuko wake mwenyewe, ule uliokuwa ukilipa kodi ya ofisi yenu.

Tumalizie na kalenda, maana wajumbe wengi hunaswa hapa. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Sheria ya Uchaguzi inataka orodha ya wanachama ifike kwa tume angalau siku 120 kabla, na ukihesabu kurudi nyuma unaangukia kama tarehe 12 Aprili. Tume ndiyo itakayotangaza siku kamili. Orodha ikishapelekwa, jina lako limeganda. Mchujo ukija baadaye ukashindwa, huwezi kukimbilia chama jirani. Unabaki na njia ya mgombea huru, na hiyo nayo yataka uwe umetoka chamani kwa miezi 3 kamili kabla ya siku ya kura, yaani kufikia tarehe 10 Mei. Barua ya tarehe 11 ni ya kufungia mahamri. Na kiti kikiwa wazi ndani ya miezi hiyo 3 ya mwisho, uchaguzi mdogo hauitishwi. Sasa mmeelewa kwa nini waheshimiwa hukumbuka kuandika barua za kujiuzulu mwaka wa uchaguzi na si mwaka mwingine.

Kabla hamjatoka kuna zoezi. Mnamo 2021 Msajili alipofungua sajili mtandaoni, Wakenya kwa wingi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawajavisikia hata kwa jina. Ingieni eCitizen, kwenye huduma za Msajili wa Vyama, muangalie majina yenu. Sheria hairuhusu mtu kuwa katika vyama viwili kwa wakati mmoja, na ukikutwa kwingine siku ya mchujo hutapewa cheti cha uteuzi hata kama mtaa mzima unakujua. Ukijikuta usipopataka, jitoe hapohapo na upige picha ukurasa unaoonyesha tarehe.

Makatibu wa matawi, nyinyi mna kazi zaidi. Mkiingiza majina, mmoja asome namba ya kitambulisho kwa sauti na mwingine aandike, tarakimu moja moja, kisha mbadilishane mrudie. Tarakimu moja ikikosewa, mwanachama wenu hayumo, na mtu wa Turkana asiyewajua amekuwa mjumbe wa Tudor. Fomu ziko meza ile karibu na mlango, na kalamu ni za kurudisha.